Rangi ya Mfenesi

Siku ile tulikuwa watano. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, ambaye jiko lilikuwa lake. Alikuwepo mumewe, shemegi yangu, kavaa shati la kwendea Ijumaa ingawa ilikuwa Jumamosi. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, aliyekuja na gari ndogo ya mizigo ya kuazima akatupakia sote. Alikuwepo muuza mawe, mzee wa mjini mwenye karakana kwenye njia ya Chukwani, tuliyemkuta anakunywa kahawa kivulini. Na mimi, dada yao mkubwa. Mama hakuwepo, alikufa zamani, lakini mbuzi yake ya kukunia nazi ilikuwepo. Mdogo wangu aliifunga ndani ya kanga akaipakata tangu tulipotoka nyumbani.

Tulikwenda kuchagua jiwe la kaunta. Nyumba yao ya Chukwani ilijengwa kidogo kidogo kwa miaka, chumba baada ya chumba, na jiko likaachwa mwisho. Makabati yalikuwa yameshaletwa na seremala, yamesimama ukumbini chini ya mashuka yakisubiri kupachikwa. Vigae vya ukutani, vile vinavyokaa nyuma ya jiko kuzuia mafuta yasirukie rangi, vilikuwa bado kwenye maboksi. Lilikosekana jiwe la kulazwa juu ya makabati, na jiwe hilo lilitakiwa lipatane na vyote viwili.

Kilichokuwa kikitukimbiza ni maradhi ya titi. Yalikuwa yamemrudia. Daktari aliwaambia yeye na mumewe, mumewe akaniambia mimi, nami nikamwambia mdogo wetu. Yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Alisema tu, "Nnataka jiko langu limalizike," na sote tukawa tunalikimbilia jiko kana kwamba likimalizika na yeye atabaki.

Ndani ya gari mdogo wetu hakuacha kumchokoza.

"Watu wanakwenda dukani na karatasi ya rangi, wewe unakwenda na mbuzi."

"Nyamaza wewe. Nazi zilizokunwa hapa umekula ngapi?"

"Mie nilikuwa nnapewa tui. Nazi mlikuwa mnaimaliza nyie wawili jikoni."

"Mwongo huyu! Dada, si mwongo huyu?"

Nikasema ni mwongo, na kwamba alikuwa akiiba chicha akatia sukari. Shemegi alicheka huku anatazama nje.

Sisi tulikulia Michenzani, ghorofani. Jiko letu lilikuwa jembamba kiasi kwamba mama akikaa juu ya mbuzi yake kukuna nazi, mtu mwingine hapiti. Alipika kila kitu kwa kukaa chini. Alipotaka kuinuka alishika mlango kwanza, akasema "Ya Rabbi", ndipo akanyanyuka. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka ule ule. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu yuko darasa la nne, na yule wa mwisho bado anang'oka meno ya utoto. Skuli sikurudi. Nilikaa juu ya mbuzi ile ile nikawa nakuna nazi za vitumbua vya kuuza asubuhi, na baadaye nikapata kazi ya upishi katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ambako nipo mpaka leo. Mdogo wangu alisoma akawa mwalimu. Alipoolewa aliniomba kitu kimoja tu cha mama, nacho ni ile mbuzi.

Tuliteremka. Tukamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye ule mzigo wa kanga. Mdogo wangu alipoufungua kidogo na pembe ya mbuzi ikachungulia, mzee aliweka kikombe chini.

"Bi, hapa tunauza mawe. Nazi ziko Darajani."

"Nnajua, mzee wangu. Nipe jiwe zuri, ntakuja kukukunia."

"Basi leo ntakuuzia hata lile nnalolikalia."

Ndani ya kapu lake mdogo wangu alikuwa na vitu vingine viwili: kipande cha mbao kilichobaki kwa seremala alipotengeneza makabati, na kigae kimoja cha ukutani. Kigae kilikuwa kijani kilichopauka, kama jani la mgomba lililokaa juani siku mbili. Mbao ilikuwa ya mfenesi, mpya, njano kabisa. Asiyeujua mfenesi angedhani imepakwa bizari.

Alikuwa na utaratibu wake, na alitupanga kama wanafunzi. Hakutaka kutazama mawe ndani ya banda, akasema taa ya mle inadanganya. Kila jiwe alilolipenda aliomba kipande chake kitolewe juani. Akakilaza juu ya pipa, akakimwagia maji ya chupa ili rangi yake ya ndani itokee, kisha akaniambia mimi nisimamishe kigae nyuma yake na shemegi ashike mbao mbele, chini ya ukingo. Hivyo ndivyo vitakavyokaa jikoni, alisema, mbao chini, jiwe katikati limelala, kigae nyuma kimesimama. Ukivitazama vimepangwa mezani kama karata hujui kitu. Kisha alirudi nyuma hatua chache na kutazama kwa jicho moja. Baada ya kila jiwe alikaa kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na mzee, akapumua.

Shemegi alitaka jeusi.

"Nyumba zote za kule wameweka jeusi," alisema.

"Ndiyo maana silitaki."

"Jeusi halichafuki."

"Jeusi linachafuka kuliko yote," mzee akaingilia. "Unga ukidondoka unauona kutoka barabarani. Bwana, weye hujapika."

"Kapika," mdogo wangu alisema. "Mara moja. Watoto bado wanaihadithia."

Kulikuwa na marumaru nyeupe nzuri sana, na niliona mkono wake unaikawilia. Nikamkataza. Pale kazini kwangu wageni walipenda marumaru nyeupe, tajiri akaiweka, na mimi ndiye ninayekatia ndimu za samaki juu yake. Ndimu imeila. Imebaki na vidoa vilivyofifia ambavyo havisuguliki, na palipodondoka manjano pamekuwa kama meno ya mvuta tumbaku. "Nyeupe usiiguse," nilimwambia. Aliondoa mkono. Katika mambo ya jikoni alikuwa bado ananisikiliza.

Ndipo likaja lile la rangi ya mchanga. Graniti, mzee alisema, haliliwi na ndimu wala halinywi mafuta. Lilikuwa rangi ya mchanga mkavu, lina vichembe vya njano na vingine vya kijivu, na mdogo wangu alipolimwagia maji na mimi nikasimamisha kigae na shemegi akashika mbao, vyote vitatu vilikaa pamoja kama vilizaliwa nyumba moja. Hata mdogo wetu aliacha mzaha. Mzee alisema, "Hilo hilo, Bi." Shemegi alisema hilo hilo. Mimi nilihisi kitu kimenishuka kifuani. Nilishaona jiko zima, limekwisha, na mdogo wangu amesimama mlangoni analitazama. Nilitaka mzee achukue futi yake tuondoke.

Mdogo wangu alisema, "Subirini," akaifungua kanga.

Mbuzi ya mama nayo ni ya mfenesi. Mimi nakumbuka ilipokuja nyumbani mpya, maana baba alinibebesha mimi kuipandisha ngazi, ilikuwa njano kama kile kipande cha seremala. Sasa imekolea kahawia yenye wekundu ndani yake, kama chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa. Hakuna aliyeipaka kitu. Mfenesi ndivyo ulivyo, mwanga na hewa vinaupika taratibu. Alikichukua kipande cha mbao mikononi mwa mumewe, akakiweka chini, akasimamisha mbuzi mahali pake.

Lile jiwe la mchanga lilikufa pale pale. Karibu na kahawia ile lilionekana kama vumbi.

"Makabati yangu yatakuwa hivi," alisema.

"Lini?" mumewe aliuliza.

"Mfenesi hauna haraka. Miaka."

Hakuna aliyetazama mwenzake. Mzee akaanza kufuta pipa kwa kitambaa, pipa ambalo halikuwa na uchafu. Kulikuwa na jiwe jingine ambalo tulikuwa tumelipita mwanzoni, zito, rangi ya udongo uliochomwa, lina michirizi ya kijivu na chembe nyekundu. Mdogo wangu akaomba liletwe. Akalimwagia maji. Pamoja na mbuzi na kigae kijani lilipendeza kwa namna ya utulivu, namna ya kitu kilichokuwepo siku zote. Kisha akairudisha mbao mpya ya njano mbele yake, likaonekana baya. Njano ilipiga kelele na jiwe likanuna.

"Nnachukua hili," alisema.

Nikamwambia, "Chagua la leo, mdogo wangu. Chagua linaloendana na makabati uliyonayo."

"Makabati nliyonayo hayatobaki hivi."

"Yakikolea litabadilishwa jiwe."

"Dada, jiwe la kaunta linabadilishwa? Litavunjwa na makabati yake. Nani atalivunja?"

"Nnataka ulione zuri," nilisema. "Weye. Nnataka ulione."

Lilinitoka. Wiki zote zile hakuna aliyelisema kwa maneno, na mimi ndiye niliyelisema, mbele ya mtu wa mawe. Hakukasirika. Aliichukua ile kanga akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo.

"Watoto watakaa na jiko hili siku nyingi kuliko mie," alisema. "Acha liwapendeze wao."

Shemegi alikwenda kwenye gari akajifanya anatafuta kitu.

Mzee alimletea dafu, akasema anywe, jua kali. Alilishika kwa mikono miwili akanywa kidogo. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yake mwenyewe, "Mie la jiwe halinisumbui. Linalonisumbua n'na deni la Ramadhani."

Mwezi wa Ramadhani uliotangulia alikuwa Dar es Salaam kwenye matibabu, na hakufunga. Aliporudi alipata nafuu, nafuu ya kweli, akarudi kufundisha, akanenepa. Katika miezi ile ndipo alipomtafuta seremala na kununua vigae. Kila nilipomkumbusha alisema, "Ntalipa, dada, hebu jiko lisimame kwanza." Alikuwa anataka kuzilipa funga zake na futari aipike kwenye jiko lake mwenyewe. Kabla jiko halijasimama, maradhi yakarudi, na daktari akamkataza kufunga.

"Mungu anajua," mzee alimwambia.

"Mungu anajua kwamba niliweza," alijibu. "Ndilo hilo."

Mzee alitoa futi. Unene wa jiwe ulikuwa umeshajulikana, ikabaki kujua kimo cha kitako cha matofali ambacho makabati yangekaa juu yake. Wengi wanajenga kwa kimo kimoja tu, alisema, ndiyo maana wanawake wa mjini wote migongo inawauma. Yeye hupima kiwiko cha mpishi. Mtu anasimama wima, anakunja mkono kama anayesukuma chapati, na jiwe linakaa chini kidogo ya kiwiko.

"Haya Bi, simama. Mwenye jiko ni wewe."

Mdogo wangu alikuwa mrefu, alimtoka baba. Mimi ni mfupi kama mama. Hakuinuka kitini.

"Mpime dada."

Nikacheka, nikadhani amechoka. "Inuka upimwe, acha uvivu."

"Mpime dada," alimwambia mzee tena.

"Mie nnakaa Michenzani. N'na jiko langu."

"Nnajua unapokaa."

"Kimo changu mie utainama mgongo ukatike."

"Dada." Alinitazama. "Hebu simama upimwe."

Mzee alikuwa amenyoosha futi na hajui ampelekee nani. Mdogo wetu, ambaye kutwa nzima hakukosa neno, alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Shemegi alikuwa amerudi kutoka kwenye gari, kasimama nyuma ya kiti cha mkewe, na nikaona kwamba yeye alikuwa anajua. Walikuwa wameshazungumza. Sikuja pale kusaidia kuchagua jiwe.

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshalea watu wawili. Nilikuwa na umri ambao wenzangu wanapumzika mchana, na nilikuwa nimeanza kuonja kukaa peke yangu jioni na mlango wazi, sauti ya redio ya jirani, sufuria moja ndogo. Yote hayo yalinipitia akilini. Kisha nikasimama wima, nikakunja mkono kama ninayesukuma chapati. Mzee alishusha futi kutoka kwenye kiwiko changu mpaka chini, akaisoma kimya kimya, akapima tena.

"Umenilea mie," mdogo wangu alisema kutoka kitini, taratibu, ili wengine wasisikie ingawa wote walisikia. "Nnajua nnachokuomba."

Njiani kurudi nilikaa nyuma pamoja naye, mbuzi iko katikati yetu. Alilaza kichwa kwenye bega langu mpaka nyumbani.

Jiwe lilipachikwa, na akaliona. Tulimleta jikoni akiwa ameshikwa huku na huku, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Makabati yalikuwa njano tupu, na lile jiwe la udongo juu yake lilionekana kama mtu aliyevaa koti la mazishi harusini. Alitazama kwa muda mrefu, kwa jicho moja.

"Baya, eh?" alisema.

"Baya sana," nikamwambia.

Tukacheka mpaka akashika ubavu. Alitaka kuligusa, tukamsogeza, akaweka kiganja chake juu ya jiwe akasema ni la baridi. Hakukupikwa kitu siku hiyo. Chakula cha kwanza kilichopikwa pale kilikuwa cha watu waliokuja mazikoni, na mimi ndiye niliyepika. Nilisimama kutwa nzima, na mgongo haukuniuma.

Pale silali. Shemegi si maharimu yangu, naye ni mtu wa haya, kwa hiyo mama yake amehamia kulala na watoto. Mimi nafika mchana nikitoka kazini Mji Mkongwe, napika, natazama madaftari ya skuli, nafua, na mdogo wetu ananifuata baada ya Isha kunirudisha Michenzani. Watu walisema yao, kwamba nimekwenda kuolewa. Waliposhangaa kuona haiwi, wakachoka.

Nilimwendea mwalimu wa madrasa mtaani kwetu nikamweleza habari ya funga. Akaniuliza, "Alipata nafuu akaweza kufunga, akachelewesha?" Nikasema ndiyo. Akasema basi deni lipo, na jamaa yake wa karibu anaweza kumfungia, au alishwe maskini kwa kila siku. Shemegi alitaka kulisha. Nikamwomba aniachie mimi. Anayo yake ya kubeba.

Kwa hiyo nafunga, si mfululizo, nguvu zangu si za zamani. Nafunga Jumatatu hii, naacha, nafunga Alhamisi ile. Watoto wanaijua siku ya mama yao kwa harufu, maana siku hiyo nakuna nazi kwa mbuzi ya bibi yao na kupika muhogo wa nazi. Naikuna kwa kukaa chini, kwenye sakafu ya jiko lile, kisha naishika kaunta ninapoinuka.

Juzi nilikuwa nakiondoa kitambaa cha kufutia mikono ambacho kinaning'inia kwenye mlango wa kabati la pembeni. Kimekaa pale tangu mwanzo, nakifua nakirudisha palepale. Mtoto wa kike alikuwa amesimama karibu nami anasubiri adhana ili tufuturu pamoja, ingawa yeye alikuwa ameshakula.

"Mama mkubwa, hapo pana nini?"

Nyuma ya kitambaa palikuwa na mraba wa njano, njano ile ile ya kipande cha seremala. Kabati lote limeanza kukolea, na mimi niliyekuwa nalitazama kila siku sikuona. Limefika rangi ya asali iliyoungua kidogo. Jiwe halijapatana nalo bado, ila halinuni tena.

"Hiyo ndiyo rangi aliyoiacha mama yako," nilimwambia.

Aliweka kidole pale, akakipitisha kwenye mpaka wa rangi mbili. Akaniuliza kama itakuwa sawa na kwingine kitambaa kikiondolewa. Nikasema ndiyo, pole pole. Alifikiri. Kisha akakichukua kitambaa mkononi mwangu akakining'iniza tena mahali pake, akakinyoosha vizuri kuuziba ule mraba.

Adhana ikaanza. Nilifungua kwa tende na maji, nikiwa nimesimama mbele ya jiwe, nikamwombea mama yake, ambaye funga ile niliitia nia kwa ajili yake kabla ya alfajiri. Funga zake nimeshazilipa nyingi. Hazijaisha.